Mwacheni Mangungo

Shuleni tulifundishwa kumcheka Chifu Mangungo. Mwalimu wa historia alishika chaki akatusimulia jinsi Mjerumani Karl Peters alivyofika Msovero, Usagara, mwishoni mwa Novemba 1884, akamwekea mzee karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, mzee akatia alama yake, nchi ikaenda. Darasa likaangua kicheko. Kicheko hicho hakijaisha. Hadi leo mtu akitaka kumtukana kiongozi aliyesaini mkataba mbovu wa madini au wa bandari, hana haja ya kuhangaika kutafuta tusi. "Mangungo huyo!" Kijiwe kizima kinaelewa.

Mimi nasema mwacheni Mangungo. Miaka mia moja na arobaini ya kuchekwa inamtosha.

Ile karatasi, pale Msovero, haikuwa na nguvu ya kumfukuza hata kuku uani. Peters hakuwa dola wala balozi. Alikuwa kijana wa miaka 28 mwenye kijikampuni na bendera, na serikali yake yenyewe ilikuwa haijamtuma. Alizunguka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami kwa wiki chache, akarudi pwani na kifurushi cha mikataba. Karatasi hizo zilikuja kupata nguvu Ulaya. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Tarehe 27, Kaiser akatoa hati ya ulinzi kwa maeneo ya Peters. Kesho yake! Hata wajumbe walikuwa hawajamaliza kufungasha.

Sasa jiulize ni nani aliyesema kwamba alama ya mzee mmoja kwenye lugha asiyoijua inaweza kuhamisha ardhi, watu, mito na makaburi, vyote viende kwa kampuni ya watu binafsi. Askari walikuja baadaye. Wamisionari walikuwa na yao. Waliosema hivyo ni watu wa majoho, waliokaa kwenye maktaba zenye moto wa kuni huko Ghent, Edinburgh, Brussels na London, watu ambao hawakuwahi kuvuka mto Mkondoa wala kuumwa na mbu wa Kilosa. Walikuwa wanazuoni wa sheria ya kimataifa. Hao hatujawahi kuwacheka. Hao tunawanukuu.

Nami ni mmoja wa wanaolipwa kuwanukuu. Nimefundisha somo hili miaka mingi, kwa hiyo mkuki huu ninaoutupa unaanzia kifuani kwangu.

Mwaka 1873, mabwana kumi na mmoja walikutana Ghent, Ubelgiji, wakaanzisha Taasisi ya Sheria ya Kimataifa. Katika katiba yao walijitangaza kuwa chombo cha dhamiri ya kisheria ya ulimwengu uliostaarabika. Hakuna aliyewachagua. Walijipa tu, kama mtu anavyojipa ushehe. Mmoja wao alikuwa James Lorimer, profesa wa Edinburgh, ambaye muongo mmoja baadaye alichapisha kitabu kinachowagawa wanadamu katika maduara matatu: waliostaarabika, makatili wa kati na kati, na washenzi. Duara la kwanza lina haki kamili. La pili linapewa haki nusunusu. La tatu ni la kuonewa huruma tu. Hicho hakikuwa kijitabu cha mlevi wa baa. Kilikuwa kitabu cha kiada.

Kisha tazama Sir Travers Twiss. Huyu alikuwa mkubwa hasa: profesa wa Oxford, mshauri wa sheria wa Malkia wa Uingereza, mpaka kashfa ya nyumbani ikamwangusha mwaka 1872. Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa na tatizo, na Twiss alikuwa na kalamu. Tatizo lenyewe lilikuwa hivi: mpelelezi Henry Morton Stanley alikuwa amezunguka bonde la Congo kwa miaka kadhaa akikusanya alama za machifu kwa mamia, lakini alizikusanya kwa niaba ya chama cha watu binafsi. Ubelgiji kama nchi haikuwa na habari nazo. Kwa sheria iliyokuwa ikifundishwa wakati ule, mamlaka juu ya nchi ni mali ya dola. Chama cha watu binafsi hakiwezi kuwa mfalme, kama vile chama cha ushirika hakiwezi kuwa na jeshi la majini. Bila msomi, zile karatasi za Stanley zilikuwa risiti za duka.

Twiss akaandika kwamba inawezekana. Mwenzake, Égide Arntz wa Brussels, akaandika kwamba inawezekana. Maoni yao yakavuka Atlantiki yakawekwa mbele ya Seneti ya Marekani, na tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ikaitambua bendera ya chama cha Leopold kama bendera ya serikali rafiki. Mlango ukafunguka. Twiss mwenyewe alikuwepo Berlin kwenye ule mkutano, akiushauri ujumbe wa Uingereza huku akimfanyia kazi Leopold. Huku kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita ndumilakuwili. Kule aliitwa mshauri wa sheria.

Ona pia ujanja uliomo ndani ya hoja yenyewe, kwa sababu huu ndio uti wa mgongo wa jambo zima. Machifu wa Congo na wa Usagara hawakualikwa Berlin kwa kuwa hawakuhesabiwa kuwa dola. Sultani Barghash wa Zanzibar, mwenye balozi ndogo za nchi kadhaa mlangoni kwake, naye hakualikwa. Alipompelekea Kaiser simu ya maandishi kulalamika kwamba nchi zile ni zake, jibu lilifika Agosti 1885 kwa meli za kivita. Lakini machifu haohao wasiokuwa dola walihesabiwa kuwa na mamlaka ya kutosha kugawa nchi milele. Yaani Mangungo alikuwa mfalme kamili kwa dakika tano, muda wa kutia alama. Kalamu ilipoinuka kwenye karatasi, akarudi kuwa mshenzi. Hiyo ndiyo elimu iliyotungwa kwenye maktaba zile, na ukiitazama vizuri utaona kwamba mjinga katika hadithi hii si yule aliyeshindwa kusoma Kijerumani.

Mwaka 1904 nao una kituko chake. Mwezi Februari, serikali ya Uingereza ilichapisha ripoti ya konseli wake, Roger Casement, kuhusu Congo ya Leopold: vijiji vilivyohamwa, watu waliokatwa mikono, utawala uliojengwa juu ya mpira na viboko. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Tuzo ya Nobel ya Amani ilikwenda kwa ile Taasisi ya Sheria ya Kimataifa ya mabwana wa Ghent. Sitii chumvi. Angalia orodha ya tuzo mwenyewe.

Kuna atakayesema: mwalimu, hayo ni mambo ya mababu, sasa dunia ina Umoja wa Mataifa. Vizuri. Twende huko.

Mwaka 1903, wakati Casement akipanda na kushuka mto Congo akihesabu majeruhi, profesa mmoja wa Leuven, Baron Édouard Descamps, alichapisha kitabu kinene cha kuitetea dola ya Leopold. Kiliitwa Afrika Mpya, kwa Kifaransa chao, nacho kilisifu dola inayopeleka ustaarabu katika nchi changa. Miaka kumi na saba ikapita. Mwaka 1920, wanasheria kumi walikusanyika The Hague kutunga hati ya mahakama ya kwanza ya kudumu ya dunia. Walitoka Ulaya, Marekani, Brazil na Japani. Afrika nzima haikuwa na hata mtu wa kubeba chai. Na mwenyekiti wa kikao alikuwa nani? Baron Descamps yuleyule. Rasimu aliyoileta mezani ilizungumzia dhamiri ya kisheria ya mataifa yaliyostaarabika. Wenzake wakaichonga huku na huku, wakabadili sentensi, lakini mataifa yaliyostaarabika yakabaki. Mwaka 1945 hati ile ikarithiwa karibu neno kwa neno na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikaambatanishwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kila nchi iliyojiunga na Umoja huo imejifunga nayo.

Fungua Ibara ya 38 ya hati hiyo leo asubuhi. Bado imo. Mahakama kuu ya dunia inaambiwa itafute sheria katika mikataba, katika desturi za mataifa, na katika kanuni za jumla za sheria zinazokubaliwa na mataifa yaliyostaarabika. Mwaka 1969 Jaji Fouad Ammoun wa Lebanon alilipigia kelele neno hilo akiwa ndani ya mahakama hiyohiyo. Juzijuzi Tume ya Sheria ya Kimataifa, katika rasimu yake, imeliweka kando na kusema jumuiya ya mataifa. Rasimu ni rasimu. Hati yenyewe haijaguswa. Kijana wa Kilosa, mjukuu wa watu wa Msovero, akiingia mwaka wa pili wa shahada ya sheria, anakaririshwa sentensi iliyopita mikononi mwa wakili wa Leopold, na anapewa alama kwa kuikariri bila kukosea.

Kuitafsiri sentensi hiyo kwa Kiswahili ni kugusa kidonda kingine. Mataifa yaliyostaarabika. Neno lenyewe limebeba asili yake mgongoni: kustaarabika ni kuwa kama Mwarabu. Sisi watu wa pwani tulikuwa na Lorimer wetu kabla ya Lorimer. Tulikuwa na waungwana na washenzi, na mshenzi alikuwa mtu wa bara, mtu wa kukamatwa, mtu wa kufungwa shingo kwenye mti na kuletwa Bagamoyo. Msovero ilikuwa njiani kabisa. Sisemi haya ili kuwapunguzia mzigo mabwana wa Ghent. Nayasema kwa sababu mwanazuoni wa Kiswahili akitaka kuikosoa Ibara ya 38 kwa lugha yake mwenyewe, neno la kwanza atakalolishika litamchoma kiganja, na pengine huo ndio mwanzo mwema kuliko ule wa kuikosoa kwa Kiingereza laini ambacho hakimchomi mtu.

Ibara hiyohiyo ina kipengele kingine kinachonikosesha usingizi. Kinasema mahakama inaweza kutumia, kama nyenzo saidizi, mafundisho ya wanazuoni waliobobea wa mataifa mbalimbali. Soma tena: wa mataifa mbalimbali. Sheria yenyewe imetufungulia mlango. Hata hiyo Tume ya Sheria ya Kimataifa sasa inasema uwakilishi wa mafundisho hayo upimwe pia kwa wingi wa lugha. Mlango uko wazi, na sisi tumesimama nje tukiomba ruhusa ya kubisha hodi.

Maana sisi walimu wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Bujumbura na Lubumbashi tumefanya nini na kalamu zetu? Tumefanya kazi ya kasuku. Tunawafundisha vijana vitabu vya kiada vya Uingereza na Ufaransa, toleo la nane, la tisa, la kumi. Tunawapa kesi za mipaka ya Bahari ya Kaskazini ambayo hawataiona. Tukiandika, tunaandika ili mhariri wa Leiden au wa Cambridge aturidhie. Niliwahi kupeleka makala yangu ya Kiswahili kwenye kamati ya kupandisha vyeo, kurasa arobaini kuhusu mikataba ya mito. Hakuna aliyeuliza kama hoja ni sahihi. Swali lilikuwa moja: iko kwenye jarida gani la kimataifa? Nikasema msomaji wake ni mvuvi wa Ziwa Victoria na mbunge wa Mwanza. Wakacheka kwa adabu. Nilipata alama za kijarida cha wanafunzi.

Najua kuna waliopigana. Makau Mutua na James Gathii, Wakenya wote wawili, pamoja na kina Antony Anghie na B. S. Chimni, wameibomoa hadithi ya mabwana wa Ghent tofali kwa tofali, na harakati yao ya kuitazama sheria ya kimataifa kwa macho ya Ulimwengu wa Tatu ina heshima dunia nzima. Issa Shivji alipochapisha kitabu chake kuhusu dhana ya haki za binadamu Afrika mwaka 1989, aliupiga usoni ule mradi wote wa kutuletea haki kama msaada wa mitumba. Nawavulia kofia. Lakini sehemu kubwa ya bunduki hizo zimefyatuliwa Marekani, kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo maktaba zetu zinashindwa kuyalipia. Siwalaumu waliokwenda. Nalaumu sisi tuliobaki, tukawageuza nao kuwa maandiko ya kunukuliwa.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba tunayo elimu yetu ya sheria ya kimataifa, iliyotungwa hapahapa kwa jasho, nasi tumeiacha ijae vumbi.

Chukua Wameru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Engare Nanyuki, kama watu elfu tatu, nyumba zikateketezwa, ardhi ikawekwa tayari kwa wafugaji wa kizungu. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, maana yake Mwingereza alikuwa mwangalizi wa nyumba, hakuwa mwenye nyumba. Wengi hawakuijua tofauti hiyo. Wameru waliijua. Wakachangishana, mwenye shilingi akatoa shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet New York mwaka 1952, akiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mtu wa Meru akasimama mbele ya wawakilishi wa dunia akawauliza: mdhamini ana haki gani ya kumnyang'anya anayemdhamini? Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa ikawaunga mkono. Kwenye Baraza Kuu azimio likakosa theluthi mbili. Ardhi haikurudi wakati ule. Lakini hoja ilikuwa imeshatoka kinywani, na chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954 watu wa kaskazini walikuwa tayari wanajua barua ya New York inaandikwaje. Kirilo na Seaton waliandika kitabu kuhusu kesi hiyo, kikatoka mwaka 1967. Ndicho kitabu cha sheria ya kimataifa kilichoandikwa na mtu ambaye watu wake walichomewa nyumba. Sijui kozi hata tatu Afrika Mashariki zinazokisomesha.

Au chukua kile kinachoitwa na wasomi Fundisho la Nyerere. Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa inajitawala na mezani kulikuwa na rundo la mikataba iliyosainiwa na Mwingereza kwa niaba yetu. Wakubwa wa London walileta karatasi ya kawaida: saini hapa, kubali kuirithi yote. Nchi kadhaa zilikuwa zimesaini. Mwalimu akakataa, na kukataa kwake hakukuwa kwa mdomo wa jukwaani. Aliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili itaendelea kwa miaka miwili tu. Ndani ya muda huo tutaipitia mmoja mmoja. Utakaotufaa tutauhuisha kwa makubaliano, usiotufaa utakufa wenyewe. Tazama jinsi hoja ilivyopimwa! Nchi changa haikuvunja neno la mtu, wala haikukubali kufungwa na neno la mtu mwingine.

Mfano wake mtamu ni Belbase. Mwaka 1921 Mwingereza alimkodisha Mbelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma ili apitishie mizigo ya Congo na Ruanda-Urundi. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda ulikuwa milele. Faranga moja, milele! Nyerere akauliza swali ambalo mtoto wa mpangaji yeyote wa Kariakoo angeliuliza: wewe uliyekuwa mwangalizi tu wa nyumba, ulipata wapi uwezo wa kuikodisha milele? Hilo ndilo lile swali la Kirilo, limevaa suti. Na Julai 1962 ukafuata Mto Nile, Tanganyika ikaziarifu Misri, Sudan na Uingereza kwamba mkataba wa 1929 wa maji yake hautufungi. Uganda na Kenya zikafuata njia hiyo ya kujipa muda wa kupitia. Mwaka 1978 mkataba wa Vienna kuhusu dola kurithi mikataba ukakubali kwamba nchi mpya haizaliwi na deni la saini ya mkoloni. Mwalimu wa shule kutoka Butiama alikuwa ameihamisha sheria ya dunia kwa hatua kadhaa. Wanazuoni wa Ibara ya 38 ndio hawa. Tunawaita wanasiasa.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningemaliza kwa kuwapigia makofi wazee. Wenye dola huru nao wamejifunza kazi ya Twiss haraka sana.

Congo iliishtaki Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 1999. Hukumu ilitoka Desemba 2005: Uganda imevamia, imeikalia Ituri, askari wake wameua na kupora. Kiasi cha fidia kikatajwa tarehe 9 Februari 2022, karibu miaka ishirini na miwili baada ya askari wa Uganda na Rwanda kupigana wao kwa wao siku sita katikati ya Kisangani, mji usiokuwa wa yeyote kati yao. Congo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ikapewa milioni 325, kwa awamu tano. Milioni 225 kati ya hizo ni za watu: waliouawa, ambao mahakama yenyewe ilikadiria kuwa kati ya 10,000 na 15,000, waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto waliopewa bunduki, mamia ya maelfu waliokimbia. Zote hizo kwenye kapu moja. Hukumu ipo kwa Kifaransa na Kiingereza, kwa maana Mahakama ile haina lugha nyingine rasmi. Mama wa Kisangani aliyezika wanawe, anayeomboleza kwa Kiswahili na Kilingala, hajawahi kuisoma sentensi hata moja inayomhusu. Na wanazuoni wetu? Tumeandika uchambuzi wa vigezo vya ushahidi. Kwa Kiingereza. Mimi pia nimeandika wangu.

Halafu kuna Arusha, na hapa sina pa kumtupia Mzungu lawama.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, mwendo mfupi wa gari kutoka Engare Nanyuki. Tanzania iliikaribisha kwa mbwembwe, na mwaka 2010 ikaweka tamko la kuruhusu raia wake wafungue kesi moja kwa moja. Raia wakafungua. Wengi wao walikuwa wafungwa, watu wasio na wakili, wakiandika kutoka gerezani. Juni 2013 mahakama ikasema, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Uchaguzi wa 2015 ukapita, wa 2020 ukapita, wa 2025 ukapita, mgombea binafsi hayupo, na Mtikila ni marehemu. Novemba 2019 Tanzania ikaliondoa lile tamko. Wiki moja baadaye, tarehe 28, mahakama ikatoa hukumu ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyomwachia jaji nafasi ya kupima, inavunja haki ya kuishi. Rwanda ilikuwa imeshatangulia kujitoa mwaka 2016. Benin na Côte d'Ivoire zikafuata mwaka 2020. Tumejenga mahakama kwenye kiwanja chetu, tukawafungia mlango watu wetu, tukabaki na jengo la kupigia picha za mikutano.

Na wakati mlango ule unafungwa, majoho yalikuwa wapi? Mawakili wachache na mashirika ya haki walipaza sauti. Vyuo vilikuwa kwenye mitihani. Nilimsikia msomi mwenzangu, kwenye semina yenye vitafunwa vizuri, akieleza kwa saa nzima kwamba kujitoa huko ni haki ya dola iliyo huru na kwamba suala ni tata. Nilimtazama nikamwona Twiss. Mkubwa ana tatizo, msomi ana kalamu.

Wataniambia Kiswahili hakina maneno ya sheria hizi. Kinayo mdhamini, mwangalizi, mpangaji, kodi, milele, saini, kunyang'anya. Kirilo na Nyerere hawakuhitaji zaidi ya hayo ili kuutikisa mkataba wa milele. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakiingiza katika lugha zake za kazi. Istilahi zitakazopungua tutazikopa na kuzitahiri kama tulivyofanya na katiba, hakimu na wakili, ambazo nazo zilikuja na jahazi. Kisingizio kilichobaki ni uvivu, pamoja na ile raha ya siri ya kuwa padri wa dini ambayo waumini hawaijui lugha yake.

Nimeamua kuanza na ninachokimudu. Mtihani wa muhula ujao nimeshautunga, na swali la kwanza ni la lazima. Linasomeka hivi: "Mwaka ni 1885. Wewe ni wakili wa Mangungo wa Msovero. Karatasi aliyoitia alama imeambatanishwa, pamoja na tafsiri yake. Andika hoja zako kwa Kiswahili. Usimnukuu mtu yeyote aliyekuwa Berlin. Alama 40."